Majira ya Theluji Haba katika Nchi za Alpi

Katika nchi za milima ya Alpi, kama vile Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia, yako mabonde ambayo wakazi wake wa zamani waliishi kwa ng'ombe, jibini na magogo, na majira ya baridi yalikuwa kwao muda wa kujifungia ndani na kustahimili. Kisha ukaja mchezo wa skii, wa kuteremka mlimani juu ya mbao mbili nyembamba zilizofungwa miguuni, ukaigeuza theluji iliyokuwa adha yao ikawa ndiyo rizki yao. Tangu hapo mwenye hoteli, mwalimu wa skii, mwoka mikate na mtumishi wa mitambo inayowapandisha wachezaji kileleni, wote waliitazama mbingu ya Disemba kama manahodha wa Lamu na Unguja walivyoungojea upepo wa kaskazi, kwa kuwa pasipo upepo hakuna safari, na pasipo safari hakuna chumo. Walakini nahodha hakupata kamwe kudhani kuwa aweza kuuvumisha upepo kwa mkono wake, ilhali watu wa milimani walifika mahali pa kuamini kuwa theluji yaweza kufanyizwa. Na habari ya imani hiyo, jinsi ilivyozaliwa na jinsi ilivyofikia ukomo wake, ndiyo nitakayo kuisimulia.

Ishara zilikuwapo mapema. Mwaka 1928, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika St. Moritz, nchini Uswisi, ulivuma upepo wa joto ambao wenyeji huuita foehn, hata mbio za skii za kilomita 50, zilizoanza asubuhi kwenye nyuzi sifuri, zikaendelea katika joto lililokaribia nyuzi 25, na mshindi, Per-Erik Hedlund wa Uswidi, akatumia muda unaokaribia saa tano. Nazo mbio za mita 10,000 juu ya barafu zilivunjwa zikiwa zimekwisha kuanza, kwani uwanja wenyewe ulikuwa ukiyeyuka. Watu waliihesabu kuwa ni nakisi ya mwaka mmoja, wakaenda zao.

Mtihani ulio mkubwa zaidi uliufika mji wa Innsbruck, nchini Austria, mwaka 1964. Maandalizi yote yalikuwa tayari, wageni wa mataifa wamealikwa, na Januari ikaingia huku miteremko ingali mitupu. Ndipo jeshi likaitwa. Askari wakakata matofali ya barafu 20,000 huko juu mlimani, wakayateremsha na kuyapanga katika njia za sleji. Kisha wakachukua theluji kiasi cha mita za ujazo 40,000, wakaipeleka kwenye miteremko ya skii, wakaishindilia kwa mikono na miguu yao. Zilipobaki siku kumi hivi kabla ya ufunguzi, mvua ikanyesha, ikaharibu sehemu ya kazi ile, nao wakaishika upya bila ya kukata tamaa. Mimi naistahi kazi hiyo kuliko hila nyingi za mitambo zilizokuja baadaye, maana ilikuwa ni kuihamisha theluji ya Mungu kutoka ilikokuwa hadi ilikohitajiwa, wala hapakuwa na mtu aliyedai kuwa ameyashinda majira. Michezo ilifunguliwa tarehe 29 Januari, na Egon Zimmermann, mwenyeji wa Austria, akashinda mbio za wanaume za kuteremka mlima Patscherkofel. Wala si haki kusahau kwamba watu wawili walikufa mazoezini kabla ya ufunguzi: kijana wa skii wa miaka 19 kutoka Australia, na Mwingereza mmoja wa sleji.

Wakati askari hao wakibeba theluji kwa mikono, dawa nyingine ilikuwa imekwisha kubuniwa ng'ambo ya bahari. Majira ya baridi ya 1949 hadi 1950 yalikuwa makavu katika jimbo la Connecticut, Marekani, na Walt Schoenknecht, mwenye kituo cha Mohawk Mountain, akalazimika kuagiza barafu kwa mamia ya tani, ikapondwapondwa na kutandazwa mlimani. Jimboni humo humo, katika mji wa Milford, palikuwa na kampuni changa ya kutengeneza skii, na kwa kuwa bila ya theluji hakuna anunuaye skii, wenyewe watatu, Art Hunt, Dave Richey na Wayne Pierce, walishikwa na mashaka yale yale. Mwezi wa Machi 1950 wakachukua mtambo wa kupulizia rangi na mpira wa kumwagilia bustani, wakayasukuma maji kwa hewa iliyoshindiliwa katika usiku wa baridi, na matone yakaanguka yamekuwa theluji. Hati ya uvumbuzi wao ilitolewa mwaka 1954.

Maarifa yenyewe si ya siri. Hewa iliyobanwa inapofunguliwa hutanuka na kupoa, huyapasua maji yakawa matone madogo mno, na matone hayo huganda kabla ya kugusa ardhi. Lakini sharti hewa ya nje iwe baridi, chini ya sifuri kwa nyuzi mbili au tatu hivi, tena isiwe na unyevu mwingi. Bila ya hivyo mtambo hutema maji matupu. Hapo ndipo fumbo lote lilipo, na wanunuzi wengi hawakulizingatia.

Katika Alpi mitambo hiyo ilienea kwa pupa baada ya majira matatu mfululizo ya theluji haba, kuanzia 1987 hadi 1990. Hekta moja ikifunikwa kwa kina cha sentimita 30 hunywa takriban mita za ujazo 1,000 za maji, kwa hiyo mabwawa yakachimbwa juu milimani, na gharama ya umeme ikawa juu ya gharama ya maji. Watu wa Davos, nchini Uswisi, wakajifunza kuihifadhi theluji mpaka vuli kwa kuifunika vumbi la mbao, na hiyo naiona kuwa ni hekima, kwa kuwa hutunza kilichokwisha kupatikana.

Hesabu ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) ya mwaka 2007 ilivichunguza vituo 666 vya skii katika Alpi, ikaona kuwa 609 viliweza wakati huo kutegemea theluji yao ya asili. Joto likizidi nyuzi 2 vitabaki 404, na likizidi nyuzi 4 vitabaki 202. Basi mashine iliyonunuliwa ili kuwakomboa watu na utumwa wa mbingu imewahamisha tu: zamani walingoja theluji, sasa wangoja baridi, na vituo vya milima mifupi ndivyo vinavyoikosa mwanzo.

Kituo cha Métabief, katika milima ya Jura iliyo jirani na Alpi, upande wa Ufaransa, ambako kilele cha Mont d'Or hakizidi mita 1,463, kilitangaza kuwa kinajiandaa kuacha skii ya mteremko kati ya mwaka 2030 na 2035, na muda uliosalia utumike kuwatafutia wakazi kazi nyingine. Kwa hukumu yangu, huo ndio uamuzi wa kiungwana kuliko yote yaliyofanywa katika habari hii tangu askari wa Innsbruck waliposhika makoleo.