Kisu, Kioo na Tone la Mafuta

Mtu apewapo hadubini mara ya kwanza huuliza, "Yakuza mara ngapi?" Nasi twasema swali hilo halitoshi, kwa maana kitu chaweza kukuzwa sana kisionekane sawasawa, kama uso wa mtu katika ukungu. Waliochungua mimea walitaabika zaidi kuuondoa ukungu huo.

Robert Hooke wa London alianza kwa kisu. Alitwaa gamba la mti lifanywalo vizibo vya chupa, akakata kipande chembamba mno, akakiweka juu ya kibao cheusi, kwa kuwa chenyewe kilikuwa cheupe, akakimulika kwa kioo kikusanyacho nuru. Ndipo alipoona vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, akaviita seli. Katika kitabu chake cha mwaka 1665 alikadiria vyumba zaidi ya milioni 1,200 katika kipande chenye inchi moja kila upande. Kwetu sisi kisu kile chastahili sifa sawa na vioo, maana katika kipande kinene vyumba hupandana, jicho lisipambanue kitu.

Lakini vioo navyo vilikuwa na kosa. Kioo hupinda nuru ya buluu kuliko nyekundu, basi kila ukingo ukavikwa rangi kama za upinde wa mvua. Na kioo cha pili kikalikuza kosa la kile cha kwanza. Hata Robert Brown, aliyetangaza mwaka 1831 habari za kiini ndani ya seli za okidi, alitumia kioo kimoja tu. Mwaka uliotangulia Joseph Jackson Lister, mfanya biashara ya mvinyo wa Kanisa la Marafiki, alikuwa ameonyesha jinsi ya kupanga vioo hata kosa la kimoja lifutwe na kingine.

Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alieleza kwamba nuru yenyewe ina mpaka: vitu viwili vikikaribiana kuliko kiasi cha nusu ya wimbi lake, huonekana kimoja. Tena nuru itokapo kiooni kuingia hewani hupinda, nyingine isifike. Basi mwaka 1878 kiwanda cha Carl Zeiss kikatumia mafuta ya mwerezi, si ule wa Lebanoni tuusomao katika Maandiko, bali mti wa Marekani wenye jina hilo. Tone moja likatiwa kati ya kioo kifunikacho kipande cha mmea na kioo cha hadubini, nuru ikapita kana kwamba vyote ni kioo kimoja. Siku hizi mafuta ya viwandani yamechukua mahali pake. Lakini mmea ungali ukikatwa kwanza kwa wembe mkali, chembamba iwezekanavyo.