'Tenant', 'squatter', 'chargee': Maneno yaliyotikisa mashamba Nyeri

Wakazi wa Nyeri, Karatina na miji mingine ya Mlima Kenya wamechekwa vya kutosha kwa kuchanganya 'rice' na 'lice'. Kikuyu hakina sauti 'l', basi, na lugha ya mama hufuata mtu hadi darasani. Huo ni mkanganyiko wa ulimi, na kicheko kikiisha hakuna aliyepoteza kitu. Leo nataka tutazame mkanganyiko wa maana, hasa katika maneno ya Kiingereza yanayohusu ardhi. Huu umewagharimu watu mashamba kwa zaidi ya miaka 100.

Tuanze na 'tenant'. Kwa msemaji wa kawaida, huyu ni mpangaji, jamaa anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Kikuyu kilikuwa na neno mũhoi, kutokana na kitenzi kũhoya, yaani kuomba. Mũhoi alikuwa mtu aliyeomba sehemu ya kulima katika gĩthaka, shamba la ukoo wa mwingine, akapewa kwa urafiki bila kulipa kodi. Jomo Kenyatta alimweleza hivyo katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, akimtenga waziwazi na wenye shamba. Kenyatta pia alipinga dai la wakoloni kwamba ardhi ya Wakikuyu ilikuwa ya kabila zima kwa jumla, haina mwenyewe. Kiingereza kilimwita mũhoi 'tenant', neno lilelile la mpangaji anayelipa.

Sasa tazama kilichofuata. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya Kifalme ya 1915 ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya mfalme wa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Jaji Mkuu Jacob Barth aliamua katika kesi ya Wakikuyu waliogombania shamba kwamba Waafrika walikuwa 'tenants at will' wa serikali hiyo. Neno 'will' hapa si wosia, wala si ile 'will' ya wakati ujao tunayofunzwa shuleni. Ni hiari. Lakini hiari ya nani? Ya mwenye ardhi, si ya anayeikalia. 'Tenant at will' ni mtu anayeweza kuambiwa aondoke wakati wowote mwenyewe akitaka. Kwa maneno matatu tu, mwenye gĩthaka aliamka akiwa mũhoi katika shamba la babu yake. Si ajabu malalamiko ya ardhi yalizidi, hadi serikali ikateua Tume ya Carter mnamo 1932.

Neno la pili ni 'squatter', ambalo vyombo vyetu vya habari huliandika 'maskwota'. Katika Kiingereza cha kawaida, huyu ni mtu aliyevamia ardhi au nyumba bila ruhusa. Lakini katika mashamba ya walowezi, kama yale ya Naro Moru na Nanyuki, 'squatter' alikuwa mfanyakazi mwenye mkataba. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye akaruhusiwa kulima na kulisha mifugo yake. Mtu huyu aliingia kwa mlango, tena kwa makubaliano, ila jina lake lilimpaka sura ya mvamizi. Hadi leo, unapoambiwa eti familia fulani ni ya maskwota, uliza kwanza: ilivamia au ililetwa? Nyeri kuna watu wanaoishi katika vijiji vilivyoundwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950. Hawakuvamia. Walihamishiwa huko kwa nguvu.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo vipande vya mashamba viliunganishwa na kusajiliwa chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, huku wanaume wengi wakiwa kizuizini. Hatimiliki zikaja, na pamoja nazo maneno mapya: 'freehold', yaani umiliki usio na kikomo cha muda, na 'leasehold', umiliki wa miaka iliyohesabiwa. Walowezi walikuwa wamepewa 'leasehold' za miaka 999. Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kupita miaka 99. Kwa hivyo ukinunua ploti, usiridhike kuambiwa "iko na title". Uliza ni ya aina gani, na kama ni 'leasehold', imebaki miaka mingapi.

Hatimiliki ikishakuwa mkononi, watu huipeleka benki, na hapo ndipo 'or' na 'ee' huwachanganya hata wasomi. Kiswahili kinaweza kutuokoa. Ukiona 'ee' mwishoni, fikiria '-wa' ya kauli ya kutendwa. 'Employer' ni mwajiri, 'employee' ni mwajiriwa. 'Lessor' ni mkodishaji, 'lessee' ni mkodishiwa. Vivyo hivyo 'mortgagor' ni mweka rehani na 'mortgagee' ni mwekewa rehani.

Wengi hufikiri 'mortgagee' ni mkopaji, kwa kuwa ndiye aliyepokea pesa. La hasha! Kinachotajwa hapa ni rehani, wala si pesa. Mkopaji ndiye anayetoa shamba liwe dhamana, na benki ndiyo inayolipokea. Sheria ya Ardhi ya 2012 hutumia 'chargor' na 'chargee' kwa mpangilio uo huo. Mkopaji akishindwa kulipa, 'chargee' humpa 'chargor' ilani, na muda wa kurekebisha hali hiyo usiwe chini ya miezi mitatu. Anayedhani yeye ndiye 'chargee' atasoma barua hiyo kichwa chini, aone kana kwamba ni benki inayoonywa, na miezi mitatu imwishie hivyo.

Jozi ya mwisho ni 'witness' na 'guarantor', maarufu katika fomu za mikopo ya sacco. 'Witness' ni shahidi: anasema tu kwamba alimwona fulani akitia saini. 'Guarantor' ni mdhamini: fulani akikwama, deni linamrudia yeye. Ukiombwa na rafiki "unisainie tu hapa", angalia neno lililo chini ya mstari.

Barth hakuwauliza wenye gĩthaka kama walielewa maana ya 'tenant at will'. Benki nayo haitakuuliza kama unamjua 'chargee'. Itakuonyesha tu mahali pa kutia saini. Soma kwanza, na neno likikutatiza, litafsiri kwa Kiswahili ukijiuliza: nani anayetoa, nani anayepewa?