Wapiga Ngoma wa Bugobogobo na Deni Letu



Kila mwaka ninapofunga hesabu za chama chetu, fungu la wapiga ngoma huwa dogo kuliko la maturubai. Tumezoea kuliandika chini ya "burudani". Mwaka huu, nikiwa na risiti mezani, nilijiuliza kama tumeliweka mahali pake. Nikirudi kwenye historia yetu Wasukuma, naona tumekosea.

Bugobogobo ilichezwa shambani kwenyewe. Wakulima walipanga mstari, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, wapiga ngoma wakiwa karibu nao. Mpigaji alipoongeza kasi, mstari uliongeza kasi. Aliposhusha, watu walipata pumzi. Jembe lilirushwa hewani na kudakwa bila kupoteza mdundo. Mwenye shamba alilipa kwa chakula, mbuzi, ng'ombe au fedha, na malipo yalikuwa ya kikundi kizima. Msimu ukiisha, kikundi kilikula jasho lake pamoja. Hiyo ilikuwa harambee kabla sisi hatujaanza kuchapisha kadi za michango.

Nyuma ya vikundi hivyo kulikuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoanza karne ya 19 kwa manju wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vilishindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na dawa zake. Hakukuwa na jopo la waamuzi lenye karatasi za alama. Watazamaji walikwenda upande uliowavutia, na aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo mpigaji aliyelegea aliweza kuwaangusha wenzake wote mbele ya ukoo mzima.

Pamba ilipopanuka wakati wa Waingereza, mashamba yalikuwa makubwa na vikundi vya kulima vilikuwa na kazi tele. Miaka hiyo ndiyo wakulima walipojiunga kuuza pamba yao wenyewe, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakati huohuo, kuanzia 1954 hadi 1958, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku matawi ya TANU huku kwetu. Kikundi cha kulima kilikuwa tayari kimewafundisha watu kuchangia, kugawana na kumtii kiongozi waliyemchagua wenyewe. Nyimbo za manju nazo zilibeba habari za ushirika na siasa kutoka kijiji hadi kijiji.

Wakatoliki nao waliona nguvu hiyo. Pale Bujora, Padri David Clement aliingiza ngoma katika sherehe ya Ekaristi, inayoitwa Bulabo, yaani maua. Bagika na Bagalu bado hukutana pale kila mwaka, na makumbusho yake yanatunza ngoma za watemi wetu.

Lakini ngoma iliyo makumbusho haimfundishi mtoto kupiga. Wazee waliokuja kutupigia mwaka jana walisafiri nyuma ya lori, wakapiga tangu wageni walipoanza kuingia hadi mnada wa mwisho, kisha tukawapa soda na nauli. Mimi ndiye niliyeandika vocha ile. Katika kundi lao sikuona kijana hata mmoja. Wakati huohuo kila mmoja wetu alitoa ahadi nono, na bila shaka mdundo wao ulitusaidia kufungua mifuko.

Kwa hiyo naomba mambo mawili katika michango ya mwaka huu, pamoja na madarasa tuliyokwisha kukubaliana. Kwanza, wapiga ngoma walipwe ujira uliopatanwa mapema, kama tunavyowalipa fundi na mwenye maturubai. Pili, tununue ngoma za shule ya msingi na kuwalipa wazee hao wafundishe mchana mmoja kwa wiki. Kwa gharama, ni sehemu ndogo ya bei ya darasa moja.

Mwakani ninapofunga hesabu, ningependa kuliandika fungu hili chini ya "elimu".