Bluzi Nyeupe ya Muganga wa Walikale

Huko Wales, tangu mwaka 2010, mgonjwa akiwa kitandani anaweza kumjua anayemjia kabla hajafungua mdomo: bluu iliyokoza ni ya sista wa wodi, kijani ni ya msaidizi. Mpango kama huo unahitaji hospitali yenye watu wengi na vyeo vingi. Katika kituo cha afya cha kijijini Walikale, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuna titulere, yaani muuguzi mkuu, kuna wenzake wachache na mkunga, na wanakijiji wanawajua wote kwa majina. Hapa vazi halikuwa na haja ya kutaja cheo. Lilichotaja, tangu enzi za Wabelgiji, ni muganga huyu (ndivyo huku tunavyomwita muuguzi au daktari) ni wa nani: wa serikali, wa misheni, wa kampuni au wa shirika.

Weupe wenyewe haukuanzia kwenye usafi. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliiga kanzu za watu wa Afrika Kaskazini, ndiyo maana wakaitwa Mapadre Weupe. Masista wao walifuata mwaka 1869. Walipofungua zahanati Kivu, nyeupe ilikuwa rangi ya dini kabla haijawa rangi ya dawa. Upande wa Kisangani, kwenye hospitali ya Wabaptisti ya Yakusu, daktari Clement Chesterman, aliyefika mwaka 1920, aliwafundisha vijana uuguzi ili wapambane na malale. Vijana hao walikuwa wanaume. Yule nesi wa kike mwenye kofia iliyotiwa wanga, aliyezoeleka Kenya na Tanganyika, hakuwahi kuitawala Kongo. Huku muuguzi Mkongo wa enzi za ukoloni kwa kawaida alikuwa mwanamume.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Kongo karibu haikuwa na daktari mzalendo. Kwa mwananchi wa kawaida, mwenye bluzi nyeupe, yaani koti jeupe la kazi, ndiye aliyekuwa hospitali nzima. Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1955, amesimulia jinsi alivyofuatana na baba yake mchungaji kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akauliza mbona hampi dawa. Hapo akaamua kuwa muganga, yule mtu wa koti jeupe. Kwenye migodi ya bati hali ilikuwa hiyohiyo: kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976, ilikuwa na hospitali zake, na kampuni ilipoanguka waganga wake walibaki na bluzi bila mshahara.

Bluzi yenyewe ni nguo ya mateso katika nchi ya mvua na tope jekundu. Anayekwenda kuchanja vijijini kwa pikipiki huikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, na kuivaa anapokaribia kufika. Jioni inafuliwa, asubuhi inapigwa pasi ya makaa. Ina mifuko mitatu, na wa juu una doa la wino wa biki lisilotoka. Awe A2 aliyetoka shule ya sekondari ya uuguzi au A1 wa chuo cha juu, bluzi ni ileile. Tofauti yao utaiona kwenye diploma.

Vita ndivyo vilivyoleta rangi nyingine. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe una hadhi katika sheria ya kimataifa tangu Mkataba wa Geneva wa 1864. Wafanyakazi wa Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), wanaosaidia hospitali kuu ya Masisi tangu mwaka 2007, hawavai msalaba huo ila fulana na vizibao vyeupe vyenye nembo yao nyekundu, na getini hubandika picha ya bunduki iliyopigwa mstari.

Kisha ikaja njano. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na Agosti 2019 ikaingia eneo la afya la Pinga, huku Walikale. Hadi ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Ndani ya mavazi ya kinga ya njano hujui nani ni nani, hivyo wauguzi waliandikana majina kwenye aproni kwa kalamu nene. Huko Beni, shirika la ALIMA liliweka vyumba vyenye kuta angavu ili mgonjwa auone uso wa anayemhudumia. Nadhani huo ulikuwa uvumbuzi wa maana kuliko rangi yoyote. Nje ya uzio mambo yaligeuka: baada ya vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo kushambuliwa Februari 2019, baadhi ya wahudumu walivua kila alama ya kazi na kutembea kiraia.

Mwaka 2025 mapigano yalifika hadi milangoni. Februari, mfanyakazi wa MSF alipigwa risasi ndani ya kambi ya shirika hilo Masisi, akafariki. Machi, waasi wa M23 walipoingia mji wa Walikale, mamia ya watu walikimbilia hospitali kuu, na waganga wakaendelea kuhudumia wagonjwa na wakimbizi kwa pamoja, bluzi zikiwa mwilini.