Uwanja wa Vita Usiopandiwa Farasi: Mbung'o, Rugaruga na Mpaka wa Ukonongo na Mpimbwe, 1871–1930

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna viwanja vya vita vya karne ya 19 katika eneo la Inyonga na Mpimbwe, mkoani Katavi, vinavyoweza kusomwa na mwanahistoria. Inadai kwamba desturi ya kutembelea uwanja wa vita kwa farasi imejengwa juu ya mazingira na aina ya vita ambavyo havikuwapo Ukonongo. Mbung'o walimzuia farasi, na vita vikapiganwa kwa miguu, kati ya boma na boma, kupitia mapori ya mpaka. Insha inaonyesha pia kwamba hatua za kupambana na malale wakati wa utawala wa Waingereza ziliwatenga watu na mahali palipotunza kumbukumbu ya vita hivyo. Kwa hiyo, juhudi yoyote ya kuhifadhi urithi huo haina budi kuanza na njia, maji na majina ya mahali.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi ya historia ya kijeshi hutazama uwanja wa vita kutoka mahali pa juu. Jemadari huwa juu ya farasi, juu ya kilima, na chini yake huenea bonde lililo wazi ambamo vikosi huonekana vikisogea. Mgeni anayefika baadaye huoneshwa uwanja kwa jicho lilelile. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, ardhi ni ya majani na vilima vilivyo wazi, na ziara za farasi katika viwanja vya vita vya eneo hilo ni jambo la kawaida.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya Isandlwana, mwezi Juni 1880, palitokea mapigano Mpimbwe, kusini-magharibi mwa Inyonga. Ndani yake waliuawa Wazungu wawili, Frederick Carter na Tom Cadenhead, pamoja na baadhi ya watu wa msafara wao. Tukio hilo lilibadilisha uhusiano kati ya Mtemi Mirambo na Waingereza waliokuwa Zanzibar. Hata hivyo, uwanja wake haukuingia katika orodha ya mahali panapozuriwa, na hakuna mpanda farasi aliyewahi kuuzunguka kwa namna Isandlwana inavyozungukwa. Swali la insha hii ni kwa nini iwe hivyo, na jibu lake linatufundisha nini kuhusu mbinu za kuandika historia ya vita magharibi mwa Tanzania.

2.0 Nchi na Pori la Mpaka

Inyonga, ambayo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, iko katika nchi ya Wakonongo. Upande wa mashariki iko Ukimbu, na upande wa kaskazini ziko nchi za Wanyamwezi. Kuelekea kusini-magharibi uwanda wa juu hukatika kwenye ukingo wa Mlele, na ardhi huteremka kwenda nyanda za Katavi na bonde la Rukwa, ambako ndiko Mpimbwe. Sehemu kubwa ya nchi hii imefunikwa na misitu ya miombo. Asali na nta ni mazao yake ya zamani, na hadi leo Inyonga inajulikana kwa ufugaji wa nyuki. Ng'ombe, kwa upande mwingine, hawakuwa nguzo ya uchumi wa Wakonongo kama walivyokuwa kwa Wasukuma.

Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni mbung'o. Mdudu huyu hueneza vimelea vinavyosababisha nagana kwa wanyama wa kufugwa na malale kwa binadamu. Wanyamapori wengi huishi na vimelea hivyo bila kudhurika sana, lakini farasi hudhoofika na kufa. Punda huweza kustahimili kwa muda mrefu kidogo, ingawa naye si salama.

John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu magonjwa haya katika ikolojia ya Afrika, alieleza umuhimu wa mapori yaliyotenganisha jamii moja na nyingine. Helge Kjekshus (1977) aliendeleza mjadala huo kwa kudai kwamba jamii za Afrika Mashariki zilikuwa zimeyadhibiti mazingira yao kabla ya ukoloni, na kwamba udhibiti huo ulivunjwa na maafa ya miaka ya 1890, hususan sotoka, ndui na funza. Hali ya Ukonongo inahitaji mizani kati ya hoja hizo mbili. Watu waliishi katika maboma yaliyozungukwa na mashamba, na ndani ya mzunguko huo mbung'o walipungua kwa sababu vichaka vilifyekwa. Kati ya himaya ya mtemi mmoja na mwingine kulikuwa na pori la mwendo wa siku moja au zaidi, na humo mbung'o walitawala. Mpaka, kwa maana hiyo, ulikuwa eneo pana lenye kina, wala haukuwa mstari. Pori lilikuwa ulinzi, mahali pa kuwinda na kurina asali, na wakati wa vita lilikuwa njia ya kumjia adui bila kuonekana.

3.0 Vita Vinavyotembea kwa Miguu

Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora walioshirikiana na utawala wa Unyanyembe. Njia ya moja kwa moja kutoka Tabora kwenda Ujiji ilifungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo kabla ya kugeuka tena kuelekea Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo nchi ya Wakonongo iliingia katika maandishi ya Ulaya kwa sababu ya vita vya jirani. Maelezo ya Stanley ya mwezi Oktoba 1871 yanaonyesha mwendo wa siku nzima ndani ya misitu isiyo na watu, wanyamapori tele, na kisha, kwa ghafla, kijiji chenye boma.

Stanley aliondoka pwani akiwa na farasi wawili. Wote walikufa mapema mno, wakati msafara ulikuwa bado haujafika mbali na pwani, na kwa maelezo yake mwenyewe walikufa kwa maradhi ya ndani yasiyotokana na mbung'o. Kisa hiki kinapaswa kutumiwa kwa uangalifu. Hakithibitishi kwamba mbung'o ndio waliomuua kila farasi. Kinachothibitisha ni kwamba farasi hakuwa chombo cha kutegemewa katika barabara ya bara, na kwamba Stanley alifika Ukonongo akitegemea miguu ya wapagazi na punda wachache, kama walivyofanya wafanyabiashara wote.

Jeshi la nchi hii lilikuwa la rugaruga. Hawa walikuwa vijana wenye magobori, mikuki na pinde, waliotembea haraka na mizigo kidogo, na ambao nguvu yao ilikuwa kushtukiza. Aylward Shorter, aliyechunguza historia ya Wakimbu, ameonyesha jinsi Nyungu ya Mawe alivyotumia rugaruga kujenga himaya kubwa huko Ukimbu, mashariki mwa Ukonongo, hadi kifo chake mwaka 1884, mwaka ambao Mirambo naye alifariki. Himaya hizo mbili zilijengwa bila farasi hata mmoja wa vita. Kasi yake ilipimwa kwa hatua za mtu na kwa umbali kati ya kisima kimoja na kingine. Wakati wa kiangazi, maji yalipopungua, kulikuwa na njia chache tu ambazo kikosi kingeweza kuzifuata, na boma lililomiliki maji lilimiliki njia.

4.0 Mpimbwe, Juni 1880

Tukio la Mpimbwe linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa ndani ya tatizo hilo la usafiri. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia jaribio la kutafuta mnyama wa kubeba mizigo atakayestahimili nchi yenye mbung'o. Tembo wanne walioletwa kutoka India walishushwa pwani karibu na Dar es Salaam chini ya uongozi wa Carter. Safari iliwachosha, na mwishoni mwa mwaka huo ni mmoja tu aliyefika Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamekianzisha kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika.

Mwezi Juni 1880 Carter na Cadenhead walikuwa njiani kurudi pwani. Walipofika Mpimbwe walijikuta ndani ya vita visivyo vyao. Majeshi ya Mirambo, yakishirikiana na Simba, mtawala wa Usavila katika Ukonongo, yalishambulia mahali walipokuwa, nao wakauawa. Mirambo alidai baadaye kwamba kifo chao hakikukusudiwa. Hata hivyo, John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, ambaye kabla ya hapo alimwona Mirambo kama mshirika anayewezekana, alibadili msimamo wake. Norman Bennett (1971) analihesabu tukio hilo kuwa pigo kubwa kwa siasa za nje za Mirambo.

Kumbukumbu za maandishi zimeyahifadhi majina ya Wazungu wawili, na hata majina ya tembo. Wapimbwe waliokuwa ndani ya boma lililoshambuliwa, na wapagazi walioanguka pamoja na waajiri wao, kwa sehemu kubwa wamebaki bila majina. Hapa ndipo athari ya kutazama uwanja kutoka juu inapojitokeza. Msimulizi wa Ulaya aliuona ugomvi wa Mpimbwe kama ajali iliyoukuta msafara. Kwa wenyeji, msafara ndio uliokuwa ajali ndani ya vita virefu vya kugombea njia, pembe za ndovu na utii wa watu.

5.0 Farasi wa Mwaka 1916

Jaribio kubwa la kupigana vita kwa farasi katika Tanganyika lilikuja wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer walisonga kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa. Walifika, lakini mvua za masika, nagana, na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi viliwaangamiza wanyama wao. Kadiri kampeni ilivyoendelea, farasi walikufa kwa maelfu na askari wengi wakawa watembea kwa miguu. Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo kwa jeshi la miguu lililobebewa mizigo na wapagazi, na Wajerumani waliorudi kusini walitembea pia. Jeshi la kisasa lilijikuta likifuata kanuni zilezile ambazo rugaruga walizijua tangu miaka arobaini iliyotangulia.

6.0 Inyonga na Kuhamishwa kwa Kumbukumbu

Baada ya vita, malale yaliripotiwa katika sehemu mbalimbali za magharibi mwa Tanganyika. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika misituni katika makazi makubwa, kwa nadharia kwamba watu wengi wakilima pamoja watafyeka vichaka na kuwafukuza mbung'o. Inyonga ilikuwa mojawapo ya makazi hayo.

Kwa upande wa tiba, sera hiyo ilikuwa na mantiki yake, kwani wagonjwa waliweza kuonekana na kutibiwa. Kwa upande wa historia ilikuwa na gharama ambayo haijapimwa ipasavyo. Mahali pa maboma ya kale palibaki nyuma, na vichaka vikarudi. Sehemu ya mapori hayo baadaye iliwekwa chini ya hifadhi za misitu na wanyamapori. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Mzee aliyekuwa akisimulia vita huku akionyesha mti, kisima au handaki la boma, sasa alisimulia akiwa mbali navyo. Simulizi iliyokosa mahali pa kushikilia hupoteza kwanza majina ya watu wadogo na kubaki na majina ya wakubwa.

Hata hivyo, kumbukumbu haikufutika kabisa. Mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, unaohusishwa na mzimu wa Katabi, bado hupelekewa sadaka. Mfano huo unathibitisha kwamba pale watu walipoendelea kufika kwa miguu, hata ndani ya hifadhi, mahali pameendelea kuzungumza.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kukosekana kwa farasi Ukonongo na Mpimbwe ni ushahidi wa kihistoria wenye uzito. Kunaeleza umbo la mpaka, mwendo wa majeshi, thamani ya maji, na sababu ya tembo wa India kuletwa katika nchi iliyojaa tembo wake. Kunaonya pia dhidi ya kuazima ramani za vita za mahali pengine na kuzitandika juu ya misitu ya miombo.

Suala hili lina uzito wa sasa. Barabara kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga hadi Mpanda imeifungua nchi hii kwa wageni, na haja ya vivutio vya kihistoria itaongezeka. Iwapo uwanja wa Mpimbwe utawekewa alama kwa kufuata kumbukumbu za Ulaya pekee, utakuwa mnara wa Wazungu wawili. Iwapo utafiti utatangulia, ukafuata njia za zamani kutoka maji hadi maji pamoja na wazee wa Kikonongo na Kipimbwe, huku majina ya mahali yakiandikwa kabla ya wanaoyajua kuondoka, uwanja huo utaweza kuwataja pia waliokuwa ndani ya boma. Kazi hiyo ni ya kutembea, na muda wa kuifanya ni mfupi kuliko umri wa nyaraka zinazosubiri katika makavazi.