Gogo, Tumbawe na Gofia: Historia katika Majina ya Ufundi wa Pwani

Lugha ya Kiingereza inalo neno moja, "block", ambalo limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Kwa neno hilo huitwa gogo la kukatia nyama, jiwe lililochongwa kwa ajili ya ujenzi, kipande cha mti kilichotiwa nakshi ili kipigie chapa vitambaa, kifaa chenye gurudumu ndani yake ambamo hupitishwa kamba za chombo, na hata mkusanyiko wa nyumba zilizo baina ya njia na njia. Asili yake ni katika lugha za Ulaya ya kaskazini, na maana yake ya kwanza ilikuwa shina la mti lililokatwa. Maana nyingine zote, basi, zimechipuka juu ya gogo.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Mswahili wa pwani alipokitazama kitu hakuuliza kwanza kina umbo gani, bali kinafanya kazi gani, kimetoka wapi na kimepitia mikononi mwa nani. Kwa sababu hiyo vitu ambavyo Mwingereza aliviweka katika kapu moja vilipata majina mbalimbali, na kila jina limechukua sehemu yake ya historia. Makala haya yanakusudia kuyachunguza baadhi ya majina hayo, hasa ya baharini na ya ujenzi, na kuonyesha hasara ipatikanayo pale ambapo kamusi huyapima kwa kipimo cha lugha ngeni.

Ama kuhusu neno gogo lenyewe, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Gogo ni mti ulioanguka au kuangushwa, ambao bado haujapasuliwa ukawa mbao. Likishapasuliwa hupoteza jina lake: huwa ubao, boriti, nguzo au kuni. Yaani gogo ni jina la hali kabla ya kuwa jina la kitu. Ndiyo maana mtu aliyelala bila kutikisika hufananishwa na gogo, maana hana kazi aifanyayo kwa wakati ule. Kigogo, kwa upande mwingine, amepanda cheo: leo ni mtu mzito katika siasa au biashara, asiyeondoshwa njiani kwa urahisi. Hapo mafumbo ya Kiswahili yamelikaribia neno la Kiingereza bila ya kuliazima.

Utajiri hasa umo chomboni. Jahazi la pwani hutumia tanga la pembe tatu, na tanga hilo hufungwa katika foromali, yaani mti mrefu unaoning'inia mlingotini kwa mshazari. Katika vyombo vikubwa vya safari za kaskazi na kusi foromali ilikuwa ndefu mno hata ikabidi iungwe kwa miti zaidi ya mmoja iliyofungwa pamoja kwa kamba. Kuipandisha foromali ya namna hiyo, pamoja na turubai zito lililofungwa juu yake, ilikuwa ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mabaharia, na ilifanywa kwa nyimbo ili mikono yote ivute kwa pamoja. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 hadi 1939 katika bumu la Kuwait mpaka Unguja na delta ya Rufiji, alizitaja kazi hizi kwa mapana katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1940.

Kazi hiyo ilitendeka kwa mpangilio maalumu. Kamba nene iitwayo henza ilifungwa katika foromali, ikapanda hadi kichwani mwa mlingoti, ikapita juu ya gurudumu lililokuwa humo, kisha ikateremka upande wa pili. Lakini haikuvutwa kwa mikono. Mwisho wake ulifungwa katika gofia, nayo gofia ni kipande kinene cha mti mgumu kilichotobolewa na kutiwa magurudumu. Katika magurudumu hayo ilipitishwa kamba nyembamba zaidi, jarari, ambayo ilizunguka mara kadhaa baina ya gofia ya juu na kifaa cha namna hiyo hiyo kilichofungwa chini. Mabaharia walivuta jarari. Jarari ikaivuta gofia. Gofia ikaivuta henza. Na henza ikaipandisha foromali.

Faida yake yaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Jarari ikiwa na mikondo minne baina ya gofia na sitaha, basi uzito wa foromali umegawanyika katika mikondo hiyo, na wavutaji, tukiacha msuguano, hutumia robo tu ya nguvu ambayo wangeitumia kwa kamba moja. Lakini hapana faida isiyo na gharama: ili foromali ipande kwa pima moja, jarari haina budi kuvutwa pima nne. Ndiyo sababu sitaha ya jahazi kubwa, tanga linapopandishwa, hujaa kamba zilizorundikana.

Sasa yafaa majina yenyewe yatazamwe. Gofia ni chombo kizima cha kazi ile moja, chenye mahali pake baina ya henza na jarari. Kapi ni jina pana zaidi, ambalo hutumika kwa kifaa chochote cha aina hiyo, kikubwa au kidogo, cha chomboni au cha kisimani. Roda, kwa asili, ndilo gurudumu lenyewe lizungukalo ndani. Haya si majina matatu ya kitu kimoja. Ni kama mtu aseme nyumba, mlango na bawaba.

Aidha, maneno haya hayakufika pwani kwa safari moja. Roda ni neno la Kireno, na huko kwao maana yake ni gurudumu. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakaanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698, ukiondoa kurudi kwao kwa muda mfupi mwaka 1728 hadi 1729. Kwa muda wa karne mbili utawala wao ulichukiwa, na wenyeji waliupiga vita mara kwa mara. Hata hivyo maneno ya vitu vyao yalibaki. Leso, meza, bendera, parafujo na roda ni mabaki ya namna hiyo. Ni vitu vya kushikwa kwa mkono, ambavyo fundi au mtumiaji aliviona, akaviona vinafaa, akavichukua pamoja na majina yake. Mambo ya imani na sheria hayakuchukuliwa hata kidogo. Kanisa lao, igreja, liliingia katika Kiswahili kwa maana ya jela.

Kapi nalo lina ndugu zake ng'ambo ya bahari. Katika lugha za pwani ya magharibi ya Bara Hindi, kama vile Kimarathi na Kimalayalam, lipo neno kappi lenye maana ile ile. Jambo hili halishangazi, kwani mbao za msaji za kuundia vyombo na mafundi wenyewe wa pwani ile walijulikana katika bandari zote za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo katika kifaa kimoja cha kupandishia tanga, Mhindi na Mreno wamekutana kwa amani ambayo hawakuijua katika biashara ya pilipili.

Kutoka baharini ni hatua chache tu hadi kwenye nyumba za mawe, maana jiwe bora la mjenzi wa pwani lilitoka majini. Tumbawe si jiwe kwa maana ya kawaida. Ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini yaliyojengeka kidogo kidogo. Mafundi walilikata lingali bichi, chini ya maji, wakati ambapo ni laini na hukubali tezo au panga kama vile ubao unavyokubali. Baada ya kutolewa nje na kukauka huwa gumu. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda maalumu wa kulichonga. Akichelewa, nakshi haiwezekani tena. Tumbawe la namna hii halikutumiwa ovyo. Lilitengwa kwa mihirabu, miimo ya milango, vidaka na kona. Kuta zenyewe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu, ambayo ni magumu na hayachongeki vizuri, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo.

Tofauti baina ya jiwe la baharini na jiwe la nchi kavu, ambayo katika Kiingereza hufichwa kwa urahisi, ni ufunguo mkubwa wa historia. Uchimbuzi uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha msikiti uliojengwa na kujengwa upya mahali pale pale mara nyingi: kwanza kwa miti na udongo katika karne ya 8, na baadaye kwa matumbawe ya baharini. Kwa hiyo ile hadithi ya zamani, kwamba miji ya mawe ililetwa imekamilika na wageni waliotua ufukoni, haisimami tena. Mji ulikuwako kabla ya jiwe. Mjenzi wa miti ndiye aliyejifunza kulichonga tumbawe, na alilichonga kwa ustadi ule ule alioutumia kwa mbao.

Ushahidi wa ustadi huo upo hadi leo katika mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambao maandishi yake ya Kikufi yametaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Upo pia Kilwa, ambako sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua msikiti mkuu na kujenga kasri la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Hata hivyo mti haukutupwa. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliiona misikiti ya mbao, na akaisifu kwa ujenzi wake madhubuti. Tena, hata ndani ya nyumba ya mawe, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Jiwe lilijenga, lakini mti ulipima.

Tofali lina hadithi nyingine. Halikatwi wala halichongwi. Udongo hukandwa, hujazwa katika kalibu, neno lenye asili ya Kiarabu, kisha kalibu huondolewa na tofali hubaki chini likingoja jua au tanuu. Kitenzi cha kazi hii ni kufyatua, kile kile kitumikacho kwa mtego na bunduki: kitu kilichobanwa kimeachiwa kwa ghafla. Mtu ambaye hajapata kuona kazi hiyo angeweza kudhani kwamba wafyatuaji matofali wanavirusha vitu. Aliyeiona hana shaka kwamba kitenzi kimechaguliwa na watu waliokuwa na udongo vidoleni.

Hapa ndipo suala la kamusi linapoingia. Wakusanyaji wa awali, kuanzia Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, hadi kamusi sanifu ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, waliyasikia maneno haya vinywani mwa watu walioyatumia kila siku, na wanastahili shukrani kwa kuyaandika. Dosari haiko kwao sana. Iko katika mazoea yaliyofuata, ya kuanza na neno la Kiingereza na kulitafutia linalolingana nalo. Kwa njia hiyo gofia, kapi na roda hukutana mbele ya tafsiri moja, na mwanafunzi huambiwa kwamba ni visawe. Akishaamini hivyo, mawili kati ya matatu yataonekana kuwa ya ziada, na neno lionekanalo kuwa la ziada halidumu. Hatari imezidi kwa sababu injini imechukua nafasi ya tanga katika vyombo vingi, na mtu ambaye hajapata kuivuta jarari hana wa kumsahihisha mwenye kamusi.

Hata hivyo si kila neno limepotea. Katika mafunzo ya sayansi kwa Kiswahili nchini Tanzania, roda ilichukuliwa kuwa istilahi ya mashine rahisi, ikakaa pamoja na wenzo na kabari. Ni uteuzi mwema, ingawa maana imehama kutoka gurudumu la ndani hadi kifaa kizima. Wanaistilahi walifanya pale kile ambacho mabaharia walikifanya karne kadhaa kabla yao: walikichukua kilichokuwa karibu na mkono. Ni jambo la kusikitisha tu kwamba gofia, ambayo ingefaa kabisa kwa mpangilio wa roda nyingi zinazofanya kazi pamoja, haikupewa kazi.

Upande wa ujenzi nao umeleta mageuzi yake. Leo kando ya barabara za pwani hupangwa matofali ya saruji, na wengi huyaita bloki bila kusita, hivyo neno la Kiingereza limeingia hatimaye kupitia mlango wa biashara. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilichimba mawe yake katika matumbawe ya kale ya pwani ile ile. Tumbawe, kwa hiyo, husagwa, huchomwa, na hurudi ukutani likiwa na jina la kigeni. Lakini muulize kijana aliye mbele ya kalibu ya chuma, vumbi la saruji likiwa limemjaa nyusi, anafanya nini. Atajibu kwamba anafyatua.