Akili Unde Zalishi na Mwanafunzi wa Masafa: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Shinyanga na Geita

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi Bukombe, Mbogwe, Nyang'hwale au Msalala mara nyingi ana majukumu mengine. Huenda ni mwalimu, muuguzi, mtumishi wa halmashauri au mfanyakazi wa mgodini anayeingia kazini kwa zamu. Husoma usiku, akiwa mbali na maktaba na mhadhiri. Kwa mwanafunzi huyo, programu za akili unde zinazojibu maswali kupitia simu ya mkononi zimekuwa msaada wa karibu, lakini zina masharti yanayopaswa kueleweka.

Elimu ya masafa nchini

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1994. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, na huduma zake huwafikia wanafunzi kupitia vituo vya mikoa, vikiwemo vya Shinyanga na Geita. Mwanafunzi hujisomea moduli mahali alipo, kisha hufika kituoni kufanya mitihani chini ya usimamizi. Katika Manispaa ya Shinyanga ipo pia Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Akili unde zalishi ni nini

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, ni uwezo wa programu za kompyuta kufanya kazi zinazohitaji akili ya binadamu. Aina iitwayo zalishi hutunga maandishi, picha au sauti mpya. Programu ya ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, ndiyo iliyoitambulisha teknolojia hii kwa umma mpana. Programu za namna hii hujifunza kutoka katika maandishi mengi mno, kisha hukadiria neno linaloelekea kufuata. Kwa hiyo hazifanyi kazi kama maktaba, ambako msomaji hupewa kitabu kinachojulikana mwandishi na mchapishaji wake.

Manufaa yake

Masomo ya chuo kikuu nchini hufundishwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali wanafunzi wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kuomba dhana ya takwimu au uhasibu ifafanuliwe kwa Kiswahili chepesi, kisha akairudia moduli yake akiwa ameielewa. Anaweza pia kuomba maswali ya majaribio na kuuliza ni wapi hoja yake imelegea. Mawasiliano ya maandishi hutumia kifurushi kidogo cha intaneti kuliko mihadhara ya video.

Tahadhari

Jibu lililoandikwa kwa ufasaha laweza kuwa na makosa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaupandisha hadi asilimia 6. Marekebisho ya baadaye yameleta nafuu kwa dhahabu inayouzwa kwa viwanda vya kusafishia nchini. Programu iliyojifunza kutoka katika maandishi ya zamani yaweza kutaja kiwango cha kwanza bila kusita. Mwanafunzi anayekinakili atakosa alama, na mchimbaji mdogo anayeshauriwa kwa jibu hilo hilo atakosea hesabu ya fedha zake. Programu hizi huweza pia kubuni majina ya vitabu na makala yasiyokuwapo. Kila kiwango cha kisheria kithibitishwe katika sheria yenyewe pamoja na marekebisho yake, na kila rejea ifunguliwe kabla ya kutumiwa.

Jambo la pili ni taarifa za watu. Mwanafunzi anayefanya utafiti miongoni mwa wachimbaji wadogo hukusanya majina, namba za simu, mapato na hali za afya. Akizibandika taarifa hizo katika programu, zinaweza kuhifadhiwa nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inasimamia ukusanyaji, uchakataji na usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi. Majina na alama zote za utambulisho ziondolewe kwanza.

Jambo la tatu ni uadilifu. Kuwasilisha kazi iliyoandikwa na programu kana kwamba ni ya mwanafunzi ni udanganyifu wa kitaaluma. Aidha, katika chumba cha mtihani simu hairuhusiwi. Aliyeandikiwa kazi zote za muhula hufika hapo bila maarifa aliyolipia ada. Pale ambapo chuo kinaruhusu matumizi ya akili unde, mwanafunzi aeleze ameitumia wapi na kwa namna gani.

Mtandao

Msaada huu hauna maana pasipo mawasiliano. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika maeneo ya vijijini. Pale ambapo mtandao bado ni hafifu, mwanafunzi anaweza kuandaa maswali yake mapema, kuyatuma anapofika mjini na kuhifadhi majibu ili ayasome baadaye.

Mwanafunzi mwenye shaka kuhusu matumizi yanayoruhusiwa katika kozi yake anapaswa kumuuliza mhadhiri au kituo cha mkoa kabla ya kuwasilisha kazi.